Saa Nane Bila Usiku

Machi 4

"Daftari la nyumbani ni kumbukumbu ya mtu aliyechoka, mama. Bangili haichoki."

Maneno hayo ni ya muuguzi. Ameyasema leo sebuleni kwangu huku akimfunga mume wangu kidude cheusi mkononi, mfano wa saa isiyo na uso. Nimeyanukuu nisije nikayasahau, maana nitayajibu gazetini. Na acha nianze kuyajibu hapahapa. Bangili inajua kwamba mkono umetikisika, basi. Haijui kwamba aliyetikisika alikuwa anapigana na mbwa watatu ndotoni, na kwamba mbwa wa tatu nilikuwa mimi. Anayedhani uchovu unamfanya shahidi kuwa mwongo akafute ushahidi wa kila mama aliyewahi kulea mtoto.

Nilimwambia muuguzi yote hayo. Alicheka, akashika kiuno, kwa kuwa mimba yake imeshakuwa kubwa, akasema, "Ndiyo maana tumekuletea na fomu za daftari, mama. Tunavitaka vyote viwili."

Tumekubali kupimwa kwa sababu ya kitanda. Mume wangu, ambaye tangu ujana wetu namwita Fundi, ana ugonjwa wa Parkinson mwaka wa sita sasa. Majirani wanauita ugonjwa wa kutetemeka, kwa kuwa mtetemo ndio unaoonekana barazani. Waje chumbani. Akilala mtetemo unatulia, na ndipo ndoto zinapomwingia mikononi na miguuni. Mtu mwingine akiota anafukuzwa hulala tuli kama gogo. Fundi hukimbia. Mwezi uliopita kiwiko chake kilinipata jichoni, na binti yetu alipokuja Jumapili alinitazama, akamtazama baba yake, akaweka mkoba chini.

"Mama, na hilo jicho uligonga mlango?"

"Nilimgonga baba yako."

"Mimi sitanii. Kila mtu alale chumba chake. Kitanda nanunua mimi."

Fundi akasema kitu. Sauti yake nayo imepungua pamoja na hatua zake. Lazima umsogelee kama unayeambiwa siri. Tukamsogelea. "Tupimwe kwanza," alisema.

Basi huo ndio mkataba. Hospitali inapima usingizi wa wagonjwa wa aina yake majumbani kwao, wiki kumi. Dawa zikirekebishwa na usiku ukatulia, tunabaki kitanda kimoja. Usipotulia, binti anashinda. Nimebishana na wakuu wa vyuo, wachapishaji na wenye magazeti kwa miaka thelathini. Sikuwahi kudhani siku moja nitagombania nafasi yangu ubavuni kwa mume wangu.

Machi 5

Muuguzi amepiga simu. "Mama, nilisahau kukuuliza. Utaandika kwa saa za simu au saa zetu?"

"Zetu. Kwani kuna nyingine?"

"Kompyuta inataka za simu. Saa nane ya usiku inaiandika mbili."

Nikampa hotuba fupi, ya robo saa. Kwamba huku siku huhesabiwa kuanzia jua linapochomoza. Kwamba aliyeamua siku ianze usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, hakutuuliza. Kwamba nimeshaandika makala tatu juu ya jambo hilo, na sitasaliti makala zangu kwa ajili ya fomu.

"Haya mama, yaishe," alisema. "Andika zetu. Nikiingiza nitazigeuza mwenyewe."

Nimeshinda.

Machi 6

Fomu ina safu mbili: SAA, na KILICHOTOKEA. Chini yake kuna nakala ya rangi ya waridi inayobaki kwetu. Ijumaa binti ataipeleka ya juu hospitali akienda kazini. Usiku wa kwanza nimejaza hivi:

8:10. Apiga kelele, arusha teke.
10:30. Ashindwa kugeuka.

Fundi ameisoma kwa miwani yake ya kazini. Alikuwa mpanga chapa, kisha msahihishaji, katika kiwanda kilichochapa vitabu vyangu vyote. Tulikutana juu ya ukurasa. Mimi nilikuwa nakata maneno, yeye anayarudisha. Chini ya mstari anachora kipaa kidogo, kama paa la nyumba ya mtoto, na juu ya kipaa anaandika neno lililokosekana. Mwaka wa kwanza nilitaka kumpiga. Wa pili tukaoana. Ndiye aliyenipa jina la Mama Vita, na kiwanda kizima kikalichukua.

"Fupi," amesema leo, akigonga fomu kwa kidole.

"Fomu yote inahusu usingizi, Fundi. Neno lisilo na kazi halikai kwenye ukurasa wangu."

Akatabasamu upande mmoja. Upande wa pili wa uso umeanza kugoma.

Machi 9

Mvua imeanza. Hakuna jipya.

Machi 10

Mvua. 7:50, 9:15, 10:40.

Machi 14

Jana aliota yuko kiwandani na mtambo umemshika mtoto. Alikuwa anavuta, na alichokuwa anakivuta ni nywele zangu. Nikamwita taratibu, jina lake halisi, kama muuguzi alivyonielekeza, bila kumtikisa. Akazinduka, akaona vidole vyake viko wapi. Akaviachia kimoja kimoja, maana haviachii kwa mara moja siku hizi.

"Nimekuumiza?"

"Nilikuwa nataka kunyoa hata hivyo."

Tukalala chali, mvua juu ya mabati kama mtu anamwaga kokoto. Alisema jambo refu ambalo sikulisikia. Niliitikia, "Ndiyo, mpenzi." Sijui nilikubali nini.

Machi 15

Binti: "Mama, mbona hapo kichwani pako hivyo?" Nimevaa kitambaa.

Machi 20

Muuguzi ameenda likizo ya uzazi. Kuna karani wa takwimu ameshika kazi yake. Sauti ya msichana makini asiyependa utani. Nilimwambia amtakie mwenzake kujifungua salama, akasema, "Nitaufikisha ujumbe, mama," kama vile nimempa barua.

Machi 27

Ujumbe kwenye simu, kutoka hospitali: *Kulingana na daftari lako, daktari anaelekeza kidonge cha wakati wa kulala kiwe nusu kuanzia leo.*

Kulingana na daftari lako! Hawakusema kulingana na bangili. Nilimsomea Fundi kwa sauti mara mbili, nikampa nusu kidonge kwa heshima kama ninayemvisha nishani. Kisha nikakaa mezani nikaandika makala kwa pumzi moja. Nimeiita "Mashine Haina Mke." Ndani yake nimemnukuu muuguzi, nimemsaga, nimempepeta. Nimesema siku tabibu atakapokubali kwamba mke aliyelala macho anajua zaidi ya kidude chenye betri, siku hiyo utabibu utakuwa umekomaa, na kwamba mimi nimeiona siku hiyo ikifika.

Mhariri amejibu baada ya nusu saa: "Moto!"

Machi 28

Mvua kubwa. Asubuhi nimemkuta Fundi mezani na nakala za waridi, penseli mkononi, na mkono unacheza juu ya karatasi kama unatafuta pa kutua. Amezichafua. Mistari mistari pembeni, kama nyayo za sisimizi.

"Usiku," akasema.

"Najua. Ulikuwa mbaya. Umepita."

"Usiku," akasema tena, akanivuta mkono wa gauni.

"Fundi, usiku umeisha, jua limetoka, yaani lingetoka kama si mvua hii. Kunywa chai kabla haijapoa."

Akaweka penseli. Akanywa chai.

Aprili 1

8:00, 8:40, 9:30, 10:10, 11:00. Namna hii hatujawahi.

Aprili 3

Anakakamaa. Zamani akishindwa kugeuka alikuwa ananigusa bega, namsukuma nyonga, anageuka. Sasa ni kama kuviringisha gunia lililolowa. Mara nne kwa usiku mmoja. Mgongo wangu unalia.

Aprili 4

Nilimpigia karani. "Hali imekuwa mbaya zaidi," nikasema.

"Saa ngapi hasa, mama?"

"Nane, tisa, kumi. Yote yamo kwenye fomu."

"Ndiyo, nayaona. Nitamjulisha daktari."

Aprili 7

Ujumbe: *Kulingana na daftari lako, daktari anashauri kidonge cha wakati wa kulala kisimamishwe kabisa kwa sasa.* Nimetii. Mimi, nisiyemtii mtu, nimetii kwa kuwa ulianza na maneno yaleyale: kulingana na daftari lako.

Aprili 11

Makala imetoka. Simu kumi na saba. Mwalimu mmoja mstaafu ameniambia nimewafuta machozi wanawake wengi. Nimemsomea Fundi yote. Alifumba macho, nikadhani anafurahia mdundo.

Aprili 12

Mvua. Sijaandika fomu kwa saa. Nimeandika tu: usiku kucha. Kisha nikaona si ya kitaalamu, nikaikata, nikaweka namba.

Ningeyaacha maneno hayo mawili tu!

Nimeongeza mstari huo leo, Aprili 24. Naendelea kwa mpangilio.

Aprili 16

Ngumi ya mdomo. Jino la mbele linacheza. Binti amekuja na kitanda juu ya gari la mizigo, wapagazi wakakiingiza chumba cha vitabu. Fundi alisimama kwenye korido ameshika ukuta, anakitazama kitanda kikipita.

"Ni kwa usiku mmoja tu," nikamwambia. "Nipate usingizi, kesho narudi."

Akaitikia kwa kichwa. Nililala kama mfu. Mungu anisamehe, ulikuwa usingizi mtamu.

Aprili 17

Narudi kesho.

Aprili 20

Juzi usiku, yaani kuamkia jana, Fundi alianguka. Tumerudi naye kutoka hospitali sasa hivi.

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha, nikaenda kumwangalia. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kabati, amelalia bega la kushoto, mashuka yamemfunga miguu. Macho wazi. Nikapiga kelele zilizowaleta majirani watatu mlangoni. Yeye alikuwa anajaribu kusema kitu. Nikainama, sikio mdomoni kwake.

"Nilikuita," alisema.

Ni mfupa wa mtulinga, ule wa kati ya shingo na bega, umevunjika vipande viwili. Wamemfunga mkono kifuani. Daktari wa mifupa anasema utaunga, umri haujamtupa. Binti alikaa na mimi kwenye benchi nikingoja anigombeze, maana angenigombeza ningejua la kufanya, ningejibu. Hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Kile kitanda nilikinunua mimi, mama." Tukalia wote wawili kama wajinga, mbele ya mlinzi.

Aprili 22

Nimeitwa kwenye ofisi ya wapima usingizi. Nilienda nimejiandaa kwa vita, karatasi mkononi, hoja saba kwa mpangilio. Daktari ni mtu mpole mwenye tai iliyofungwa vibaya. Karani ni mdogo kuliko sauti yake. Amenionyesha kwenye kompyuta michoro miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa chini ni wa bangili: milima mirefu katikati ya usiku. Wa juu ni wangu. Katikati ya usiku ni tambarare. Milima imejaa asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, watu wakiwa makazini.

"Huu si mchoro wangu," nikasema.

"Ni namba zako, mama. Hii hapa. Nane na dakika kumi, apiga kelele, arusha teke."

"Ndiyo. Saa nane. Ya usiku!"

Karani akaisogelea fomu, akaipitisha kidole kuanzia juu hadi chini. "Hapa hapana neno usiku, mama."

"Ni fomu ya usingizi, mwanangu! Watu hulala saa ngapi?"

"Wagonjwa wetu hulala na mchana. Nusu ya fomu zangu ni za mchana." Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anaeleza. "Mimi nilikuta namba, nikaingiza namba. Hakuna aliyeniachia maagizo kwamba nyumba hii inaandika saa zake."

Daktari akavua miwani. "Nilisoma kwamba saa mbili asubuhi anapiga kelele na kupigana na watu wasiokuwepo. Saa nne na nusu anashindwa kugeuka, nikadhani anatembea, anaganda njiani. Mtu anayeona vitu visivyokuwepo asubuhi, jambo la kwanza unapunguza dawa aliyoinywa usiku. Ulipopiga simu kwamba imezidi, nikaisimamisha. Dawa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inalegeza viungo vyake, inamtuliza usiku na kumwezesha kujigeuza."

"Na bangili?" niliuliza. "Bangili si ilisema usiku?"

"Ilisema, mama. Kila siku ilisema. Lakini wewe ndiye unayelala naye, na katika maandishi yako usiku hakikutokea kitu. Tukadhani imelegea mkononi." Akanitazama bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. "Tuliamini macho ya mtu. Hata makala yako tuliisoma hapa ofisini."

Nilikuwa na hoja saba. Nikazikunja, nikazitia mkobani.

Nikauliza kuhusu usiku wa kuanguka. Karani akasita, akamtazama daktari, daktari akakubali kwa kichwa. Mchoro wa bangili una kilele kimoja kikali saa kumi na dakika mbili. Baada yake vilima vidogo vidogo, kama mtu anayeinua mkono na kuushusha, kuinua na kuushusha. Dakika arobaini. Kisha kimya mpaka saa kumi na mbili.

Ule ni mkono wake ananiita. Kidude chenye betri kimeandika kila mara aliponyanyua mkono. Mimi nilikuwa chumba cha pili na sikujua.

Kidonge kimerudishwa, kizima, kuanzia leo. Daktari ameomba radhi kwa niaba ya ofisi. Karani ameomba radhi kwa niaba yake mwenyewe. Mimi nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Aprili 23

Siku nzima nimezipekua nakala za waridi.

Lile nililodhani ni uchafu wa penseli si uchafu. Nimeliwekea taa na kioo cha kukuzia, kioo chake mwenyewe cha kazini. Katika ukurasa wa Machi 6, baada ya "8:10", chini ya mstari, kuna kipaa. Kimepinda, kuta zake hazilingani, lakini ni kipaa. Juu yake kuna herufi ndogo kuliko mbegu za nyanya, kwa kuwa ugonjwa huu unamnyang'anya mtu hata ukubwa wa mwandiko. Herufi tano. *usiku*

Kipo ukurasa unaofuata. Kipo kila ukurasa hadi Machi 27. Amesahihisha wiki tatu nzima, kila mstari, kwa mkono usiotulia. Lazima ilimchukua asubuhi yote ile. Kisha akaniambia kwa mdomo, mara mbili, na mimi nikamwambia anywe chai.

Miaka thelathini nimeishi na vipaa vya mtu huyu. Ningekitambua kipaa chake ukutani, kwenye vumbi, popote. Nilikitazama nikaona nyayo za sisimizi.

Aprili 24

Nimempelekea karatasi kitandani. Nilikaa sakafuni ili sikio langu liwe usawa wa mdomo wake. Mvua imepungua, nashukuru.

"Ulisahihisha," nikasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Nilisikia upumbavu wa swali langu kabla halijaisha. Alinitazama. Uso wake hauonyeshi tena hasira wala huruma, inabidi uvisome machoni.

"Nilisema."

"Kwa nini hukunipigia kelele?"

"Kelele," alisema, akapumzika, "huwa napiga nikiota tu."

Nikacheka, nikajizuia, kisha nikaona naye mabega yanatikisika, lile zima na lile lililofungwa, na lile lililofungwa likamuuma, akakunja uso, bado anacheka. Akaendelea, neno moja moja, na mimi kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu sikummalizia sentensi: "Vitabu tisa… nimekusahihisha. Hii ndiyo kazi… uliyochapa… bila kunionyesha."

Aprili 29

8:20 usiku. Mguno. Amejigeuza mwenyewe. Mimi nalala kwenye godoro sakafuni, karibu na kitanda chake.

Mei 3

Usiku mzima hakuna. Nimeandika hivyo: usiku mzima hakuna. Nikampa akasoma. Hakuweka kipaa.

Mei 6

Nimempigia mhariri nimwambie nataka kufuta makala. "Kufuta nini, Mama Vita? Watu waliipenda. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Mimi nalalamika."

"Andika nyingine, basi. Lakini usijishushe. Wasomaji wanakupenda ukiwa juu."

Nimemkatia simu. Kisha nikajiuliza ni nani aliyewafundisha wasomaji wangu kunipenda nikiwa juu.

Mei 9

Mvua imekwisha. Nyumba ina ukimya wa ajabu. Nasikia anavyomeza.

Muuguzi amepiga simu, mtoto analia nyuma yake. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Amesikia yaliyotokea. "Mama, kosa ni langu. Niliahidi nitazigeuza, nikaondoka bila kumwachia mwenzangu hata kikaratasi."

"Kosa ni letu sote," nikasema, "na langu ndilo kubwa. Nilikusaga gazetini pia."

"Nilisoma nikiwa leba," alisema. "Ilinisaidia kusukuma, kwa hasira."

Mei 14

Usiku, hakuna.

Mei 18

Wiki kumi zimekwisha tangu juma lililopita. Karani amekuja mwenyewe kuchukua bangili. Ripoti inasema usiku umetulia, mateke ni mara mbili tu kwa wiki nzima iliyopita, na mafupi. Kwa mkataba wetu, nimeshinda. Binti alikubali bila ubishi. "Kile kitanda nitampa mtu, mama," alisema.

Jioni nikatandika kitanda chetu, mito miwili. Fundi alikaa kwenye kiti anaangalia. Nilipomaliza, akasema kitu. Nikamsogelea.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja nini?"

"Mto."

Nikasubiri. Nimejifunza kusubiri, nimechelewa sana.

"Ninapoota," alisema, "sijui kama ni wewe. Jino… nililiona asubuhi. Nikiwa pale chini, nilifikiri: angalau… hayupo hapa." Akapumzika. "Sitaki kukuogopea… ukiwa umelala."

"Dawa imerudi. Ripoti imesema—"

Nilikuwa nataka kumshinda kwa ripoti. Hoja ninazo, na zingeweza kumshinda. Ni mtu mpole, na hana sauti. Ningebishana dakika tano tu na leo ningekuwa nalala ubavuni kwake, nimeshinda kama nilivyozoea kushinda.

Nimeondoa mto mmoja.

Mei 19

Chumba cha vitabu. Mlango wazi, na wa kwake wazi. Karani ametuazima kengele ndogo ya kubonyeza. Fundi ameibonyeza mara moja saa tano usiku, nikakimbia na miguu mitupu. Alikuwa anaijaribu.

Mei 27

Makala yangu ya kukiri imerudi kutoka kwa mhariri na maneno mawili: "Ndefu, nzito." Kwa hiyo naiandika hapa kwanza, na nitaipeleka kwa gazeti lolote litakalokuwa na nafasi. Ameisoma Fundi. Ameweka vipaa vinne. Nimevikubali vyote vinne.

Niliandika kwamba mashine haina mke. Ni kweli, haina. Lakini mashine ilisema usiku, na mke aliandika namba tupu, akajivunia ufupi wake. Sijabadili mawazo kuhusu saa zetu. Ni zetu, na nitaziandika mpaka nife. Nilichokosea ni kudhani kwamba kila asomaye anasimama pale niliposimama mimi. Nilitetea lugha ya watu wote, nikashindwa kusikia neno moja la mtu mmoja.

Kwa hiyo ninyi mnaopima usingizi wa watu majumbani: chapeni upya fomu zenu wiki hii. Kila penye SAA pawe na nafasi ya USIKU na ya MCHANA, na kila anayeondoka kazini amwachie anayebaki maelezo kwa maandishi. Msitume ujumbe wa kupunguza dawa kabla hamjapiga simu na kuuliza swali moja: saa nane ipi? Na mkipiga, ombeni kuongea na mgonjwa, hata kama itawachukua muda.

Na wewe, mke, mume au mtoto, unayejaza fomu hiyo kwa niaba ya mtu mwenye sauti ndogo, kesho asubuhi kabla hujaifunga bahasha mpe aisome. Mwekee penseli karibu. Zima redio, kaa chini, ufunge mdomo. Akikuambia neno moja tu, usilijibu. Muulize linaingia wapi.